Mkongwe, Kikongwe na "Old" ya Mwingereza

Chukua neno moja dogo la Kiingereza, "old", ambalo hata mtoto wa shule ya msingi ameshalikariri. Mwingereza analo hilo na analipeleka kila mahali. Babu yake ni "old", koti lake ni "old", rafiki aliyesoma naye ni "old", hata mtoto wake wa miaka sita, akitajwa umri, naye ni "old". Sasa mwambie Mswahili awape wote hao neno moja uone kazi. Babu ni mzee. Koti ni kuukuu, au limechakaa. Rafiki ni wa siku nyingi, maana ukisema "rafiki yangu mzee" umeshamwotesha mvi ambazo hana. Mji ni wa kale. Gari lililochoka ni mkweche, noti iliyolegea ni chakavu, na zile nyimbo walizozicheza wazazi wetu hazikupewa hata kivumishi, zilipewa kitenzi kizima: zilipendwa. Hilo la mwisho nalihusudu sana. Aliyelibuni anastahili soda baridi.

Nayasema haya kwa sababu hadithi nyingi tunazoandika sisi vijana zinanuka tafsiri. Tumesoma vitabu vya Kiingereza sekondari, picha zinakuja kichwani kwa Kiingereza, halafu mkono unaandika Kiswahili. Matokeo yake kila kitu kinakuwa "cha zamani". Shati la zamani, mlango wa zamani, mtumbwi wa zamani. Lakini bwana, shati la zamani ni lile ulilokuwa nalo kabla ya hili, na huenda bado linang'aa. Shati kuukuu ndilo lililochanika kwapani. Mtumbwi wa zamani wa mvuvi pale Mwigobero inawezekana aliuuza, na uko kwa mtu mwingine unavua vizuri tu. Mtumbwi mkuukuu unavuja, mwenyewe anakaa na kopo la kuchotea maji. Na usidhani kuukuu ni tusi siku zote. Wahenga wamesema kuukuu ya kamba si upya wa ukambaa, wakimaanisha kwamba kamba iliyotumika bado inaushinda ukambaa mpya.

Kuna kitabu kimoja cha jirani zetu wa Ukerewe kinachonisaidia kulipima jambo hili. Aniceti Kitereza aliumaliza muswada wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, baadaye akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka 1980. Yeye alifariki 1981. Je, siku kile kitabu kinatoka, kilikuwa "old"? Mwingereza atasema ndiyo, basi, kamaliza. Sisi inabidi tukae chini. Ni kitabu cha kale kwa mambo yanayosimuliwa. Ni muswada wa siku nyingi, miaka 35. Kikuukuu hakikuwa, maana kurasa zake zilikuwa hazijafunguliwa na mtu. Na mwandishi wake alikuwa mzee. Hapo kuna maneno manne, na ukilibadilisha moja tu umesema uongo.

Au tazama riwaya ya Hemingway ya mwaka 1952 kuhusu mvuvi wa Kuba aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Jina lake kwa Kiingereza linaanza na "The Old Man". Ukiandika "Mzee", umeshampa heshima kabla hajatupa ndoano, kwa sababu mzee kwetu ni cheo zaidi ya umri. Konda wa daladala anamwita mzee kijana wa miaka thelathini eti kwa sababu amevaa tai! Ile huruma iliyomo katika "old" ya Kiingereza inapotea. Haya, mwite "Kikongwe". Sasa umemnyang'anya mikono, na hatuamini tena kwamba anaweza kushindana na samaki mkubwa vile. Mimi ningeandika "mvuvi mzee", nikatanguliza kazi na kuacha umri ufuate nyuma.

Hapo kwenye kikongwe ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Mzizi ni uleule, kongwe. Tunasema mwanamuziki mkongwe, na anafurahi. Simba na Yanga ni klabu kongwe, na wapenzi wao wanajivunia. Shaaban Robert alifariki 1962 akiwa na miaka 53, mtu mzima wa kawaida, lakini tunamwita mkongwe wa fasihi na hakuna anayeshangaa. Weka KI mahali pa M, na sifa yote inamwagika. Kikongwe anaketi katika ngeli moja na kipofu, kiziwi na kiwete. Utaniambia kijana na kiongozi nao wamo humo. Kweli wamo. Ila kijana hana ndugu yake wa kusifiwa katika ngeli ya watu tukamwacha makusudi. Kikongwe anaye, ni mkongwe, na sisi tumechagua nani apewe lipi. Bibi aliyelima mihogo miaka sitini hatumwiti mkulima mkongwe. Tunamwita kikongwe, au ajuza, au kizee.

Halafu katika hadithi zetu akishaitwa hivyo lazima awe mchawi. Nimesoma miswada ya wenzangu kadhaa, na kila alipotokea kikongwe katika ukurasa wa kwanza nilijua kwamba ukurasa wa tano atakutwa uchi makaburini. Macho yake ni mekundu, meno mawili, paka mmoja. Mwanamume wa umri uleule katika hadithi hiyohiyo ni "mzee mwenye busara", anavuta kiko na kuamua kesi.

Wako watakaosema hiyo ni fasihi tu, neno haliui. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tuna haki gani ya kusema hivyo? Akina mama wazee wameuawa katika kanda hii kwa miaka mingi, hasa Shinyanga na Mwanza, kwa kushukiwa uchawi, na sababu inayotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Magazeti nayo yakaandika "mauaji ya vikongwe" mpaka maneno hayo mawili yakaoana. Sisemi muuaji alisoma hadithi kwanza. Nasema alikuwa na picha kichwani, na picha hiyo ndiyo ileile tunayoinakili sisi bila kuiuliza imetoka wapi.

Macho mekundu hutokana na moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi au mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya namna gani?

Kwa hiyo mwenzangu unayeandika "kikongwe mwenye macho mekundu alitokea mlangoni", futa kivumishi na jina lake pia. Andika kwamba bibi alitoka jikoni akijifuta macho kwa pindo la kanga, akauliza nani anabisha hodi saa hizi.