Daraja au kivuko? Istilahi za kompyuta zisifiche gharama

KATIKA uundaji wa programu, kuna kazi moja ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina la kuridhisha. Ni ya kuandika maktaba, yaani mkusanyo wa msimbo ulio tayari kutumiwa, inayounganisha programu ya C++, ambayo kompaila imekwisha kuigeuza kuwa lugha ya mashine, na lugha ya skripti kama vile Python. C++ ina kasi; Python ni rahisi kuandika. Mwanafunzi anataka yote mawili.

Neno la Kiingereza likitafsiriwa sisisi, tunapata 'kifungo'. Lo! Hicho ni cha shati au cha jela. Basi tunakimbilia 'daraja'. Neno hili ni tamu masikioni, lakini ninahoji kwamba linaficha jambo muhimu: gharama ya kuvuka.

Tutazame Kilifi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka wa 1991, msafiri wa Mombasa kwenda Malindi alifika Mnarani akasubiri feri. Magari yalipakiwa, yakavushwa, yakateremshwa ng'ambo. Leo hii gari hupita moja kwa moja.

Katika kompyuta, hali zote mbili zipo. Kwenye mashine nyingi za sasa, nambari kamili ndogo ya Python huchukua baiti 28, kwani hubeba pia aina yake na hesabu ya wanaoitumia. Katika C++, baiti 4 hutosha. Orodha ya nambari milioni moja ikivushwa, kila nambari hufunguliwa na kunakiliwa upya. Hicho ni kivuko. Lakini safu ya NumPy hupanga nambari zake jinsi C++ inavyozitaka. Kinachopitishwa ni anwani ya kumbukumbu tu, pasi na kunakili. Hilo ndilo daraja.

Kiingereza huyaita yote mawili kwa jina moja. Sisi hatulazimiki kurithi ufinyu huo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani akiambiwa 'daraja' kila mara, ataiita C++ mara milioni ndani ya kitanzi, kisha ashangae mbona programu imekuwa goigoi kuliko awali. Akisikia 'kivuko', atajiuliza mapema: nivushe mara ngapi, na kwa mzigo upi?

Waundaji istilahi na waanze na kazi ya kitu, si jina lake la kigeni.