Heko Watunzaji wa Nyaraka, Kilimani

Anayetafuta ukoo wake Unguja au Pemba huanza kwa wazee, na ndivyo inavyopasa. Lakini wazee nao hufika mahali wakanyamaza: jina la babu wa nne halikumbukwi, shamba la mikarafuu liliuzwa kwa nani hakuna ajuaye. Hapo ndipo msaada wa watumishi wa Nyaraka za Taifa, Kilimani mjini Zanzibar, huonekana, na nawapa heko kwa moyo wote.

Wanazo barua za masultani, kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza uliofunguliwa mwaka 1841, na miswada ya Kiarabu ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2003 katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia. Ila mimi huthamini zaidi karatasi zisizo na fahari: mafaili ya mirathi, hati za wakfu, na kumbukumbu za walioachwa huru baada ya amri ya 1897 ya kufuta utumwa. Kwa wajukuu wa waliotumikishwa, mstari mmoja daftarini huenda ndio mahali pekee jina la bibi yao lilipoandikwa.

Kuzilinda si kazi nyepesi. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, wadudu hawachoki, wino hufifia. Anayekuletea faili mezani, kisha akakuelekeza kusoma mwandiko wa Kiarabu uliochakaa, anakukutanisha na watu wako. Hongereni sana. Serikali nayo iwaongezee vifaa na wanafunzi wa kurithi ujuzi huo.