Sifa za Mfungashaji

Miongoni mwa kazi za watu wa programu za kompyuta, ufungashaji hutajwa kwa nadra kuliko nyingine zote, ijapokuwa pasipo kazi hiyo msimbo ulioandikwa kwa ustadi mkubwa hubaki mali ya walioutunga peke yao. Kufungasha ni kukusanya programu pamoja na kila inachokihitaji ili ifanye kazi katika kompyuta ambayo mfungashaji hajapata kuiona, na ugumu wake huonekana wazi katika Git, mfumo wa kudhibiti matoleo, yaani programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko katika faili za mradi, aliyelifanya na wakati alipolifanya.

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, na tangu mwanzo ilifuata mazoea ya mifumo ya jamii ya Unix: sehemu zake zilitegemea shell, yaani programu ya kupokea amri kama Bash, na lugha ya Perl, na kazi nyingine iliziachia maktaba, ambazo ni makusanyo ya msimbo ulio tayari unaotumiwa na programu nyingi. Zlib hubana data, cURL huisafirisha mtandaoni, na OpenSSL huyafumba mawasiliano yasisomwe njiani. Katika Linux vitu hivi kwa kawaida huletwa na mfumo wenyewe. Katika Windows havimo, au vimo kwa sura nyingine. Hivyo waliounda msysGit kuanzia mwaka 2007, na baadaye mradi wa Git for Windows ambao Johannes Schindelin ameutunza kwa miaka mingi, walilazimika kubeba ndani ya kisakinishi kimoja kipande kizima cha ulimwengu wa Unix.

Faida ya mzigo huo hueleweka Guta, mkoani Mara nchini Tanzania, kuliko California. Mwalimu au mwanafunzi wa Guta, Bunda au Butiama, anayenunua bando kwa kuhesabu shilingi, aweza kupewa kisakinishi hicho kwa flashi na kukitumia bila intaneti, ilhali programu ambayo ingeagiza vitegemezi vyake kimoja kimoja kutoka mtandaoni ingemkwamisha. Vivyo hivyo mvuvi wa dagaa anayeingia usiku Ghuba ya Speke, katika Ziwa Viktoria, hukagua nyavu, taa na mafuta angali ufukoni, kwa kuwa majini hakuna duka.

Lakini kubeba ni jambo moja, na kubeba kilicho sahihi ni jambo jingine. Katika Windows maktaba nyingi hukaa katika faili za DLL, ambazo mfumo kwa kawaida huzitafuta kwanza katika folda ya programu yenyewe, kisha katika folda za Windows, na mwishowe katika orodha ya folda iitwayo PATH. Faili yenye jina linalotakiwa lakini ya toleo lisilofaa ikitangulia kuonekana, huchukuliwa bila kuulizwa, na programu huanguka ingawa msimbo wake hauna kosa. Kwa miaka mingi libeay32.dll, sehemu ya OpenSSL, ilibebwa na programu chungu nzima, kila moja na toleo lake chini ya jina lilelile, hadi OpenSSL 1.1.0 ya mwaka 2016 ilipoleta jina jipya lenye namba ya toleo ndani yake. Mageuzi madogo, na yalichelewa.

Linalowatesa zaidi wanaoanza ni ujumbe wa hitilafu. Windows yaweza kudai kwamba faili fulani haipatikani, na faili hiyo ipo mbele ya macho, kwa sababu kinachokosekana hasa ni faili nyingine inayotegemewa na hiyo ya kwanza. Asiyejua ataendelea kuinakili ileile. Fundi hufungua Dependency Walker, inayochora mti wa utegemezi, au Process Monitor, inayoonyesha kila folda mfumo ulikopita ukitafuta, kisha hujaribu kifurushi katika kompyuta tupu, kwa kuwa kompyuta ya mtunga programu, iliyojaa zana za kila namna, ni shahidi asiyeaminika.

Tena anayebeba maktaba hubeba na maradhi yake. Udhaifu wa Heartbleed ulipotangazwa Aprili 2014, ilibainika kuwa ulikuwamo katika OpenSSL tangu toleo 1.0.1 la mwaka 2012, na kila aliyekuwa amelifungasha alipaswa kutoa kifurushi kipya hata kama hakuwa amegusa mstari mmoja wa msimbo wake. Wapo wanaohitimisha kwamba kubeba maktaba ni uzembe. Hukumu hiyo yafaa mahali ambapo mfumo huzileta wenyewe, lakini katika Windows uzembe ni kubeba bila kujua kilichobebwa.

Msomaji mwenye Git katika kompyuta ya Windows na aifungue folda ya etc iliyo ndani ya folda ya Git, aisome faili ya package-versions.txt, aone jinsi vifurushi vilivyobebwa kwa ajili yake vilivyoorodheshwa, kila kimoja na toleo lake.