Patterson Alikosea Kabla ya Kuvuta Triga

Wiki hii filamu ya The Ghost and the Darkness imerudiwa tena kwenye kibanda cha video hapa Kisanga, na ubishi ukawa uleule wa miaka yote: bunduki kugoma mbele ya simba ilikuwa bahati mbaya au uzembe? Wengi walimtetea Patterson, yule mhandisi aliyewinda simba wala watu wa Tsavo. Mimi simtetei. Bunduki aliyoijua, ile .303, alikuwa nayo. Akaiacha, akachukua nzito ya kuazima, akaenda nayo kwa simba mla watu kwa imani tu. Kosa lilikuwa hapo, na pini ilikuja kulithibitisha tu.

Filamu ile ya mwaka 1996 inasema alibadilishana bunduki na daktari. Kitabu alichokitoa mwenyewe mwaka 1907 kinasema vingine: aliachiwa na ofisa wa polisi aitwaye Farquhar. Ilikuwa asubuhi ya Desemba 9, 1898, kule Tsavo. Mtu alikuja mbio akipiga kelele za simba. Simba alikuwa ameua punda na anamla. Patterson akaikimbilia ile bunduki nzito, akapanga watu kwa nusu duara wapige madebe na ngoma, akajibanza kwenye kichuguu. Simba akatokeza njiani, yadi 15 tu mbele yake. Akakilenga kichwa, akavuta. Kikasikika kimlio kikavu cha pini, basi.

Tuisimamishe picha hapo, maana ndipo watu wanapokimbilia kusema "bahati mbaya". Baadaye Patterson aliitoa ile risasi iliyogoma akaitazama. Fataki ilikuwa imebonyea kidogo tu. Pini ilifika, ila haikugonga kwa nguvu inayotakiwa. Akawalaumu mwenye bunduki, mtengenezaji na bunduki yenyewe, kisha akairudisha. Kwamba bunduki ilikuwa mbovu, nakubali. Lakini kibonyeo kile kingeonekana hata jana yake, nyuma ya hema, kwa kufyatua risasi mbili kwenye ubao na kuokota maganda. Springi iliyochoka, pini iliyokatika ncha, mafuta yaliyoganda na vumbi, au risasi inayozama mno chumbani: yote hayo huacha ushahidi kwenye fataki. Wazee wetu wa gobore wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Fataki ikigoma mara moja, gobore haliendi porini siku hiyo.

Na msidhani kugoma na kukosa shabaha ni magonjwa mawili. Mara nyingi ni ugonjwa mmoja, umetofautiana ukali. Fataki ikigongwa leo kwa nguvu, kesho kwa ulegevu, baruti haiwaki kwa namna moja na mwendo wa risasi haulingani. Yenye mwendo mdogo hushuka. Kwenye karatasi unaona matundu yamepangana juu na chini kama vifungo vya shati, na mwenye bunduki anaanza kuilaumu darubini. Bunduki ya namna hiyo imeanza kugoma tayari. Haijafika tu kwenye ukimya.

Halafu kuna jambo ambalo wanaomtetea Patterson hawaligusi kabisa. Bunduki ile ilikuwa ya mitutu miwili. Silaha ya aina hiyo haiazimwi kama jembe. Mitutu yake haijalala sambamba. Fundi huiunganisha ikielekeana kidogo, anapiga, anapasha, anasogeza, anapiga tena, mpaka risasi za kulia na kushoto zikutane kwenye lengo kwa umbali aliouchagua. Hesabu hiyo inafanywa kwa risasi ya aina moja tu: uzito fulani, baruti fulani. Ukibadilisha risasi, mtutu wa kulia unakwenda kwao na wa kushoto kwao. Joto nalo lina sehemu yake. Baruti ya kodaiti ya zama hizo ilisukuma kwa nguvu zaidi kwenye joto, hata watengenezaji wa Uingereza wakaandaa risasi zenye kipimo kidogo kwa ajili ya nchi za joto. Kwa yadi 15 hitilafu hiyo isingemwokoa simba, nakiri. Lakini anayeibeba bunduki bila kujua risasi zake zinaangukia wapi anabeba mzigo.

Na mtutu wa kushoto je? Ulikuwa na risasi. Patterson alipigwa na butwaa hata akausahau, akashusha bunduki ajaze upya. Simba alichanganywa na zile kelele akaruka pembeni badala ya kumrukia. Hapo ndipo akili ikamrudia, akampiga na kumjeruhi, na mnyama akatokomea kichakani. Mkono uliozoea mitutu miwili hausahau wa pili. Wake ulifanya kama umeshika bolti: piga, vuta, sukuma.

Siku ileile alijengewa kilingo cha miti karibu na mzoga wa punda, akakaa peke yake gizani, akamuua. Kazi safi.

Turudi kwenye shabaha. Nina kinyongo cha zamani na watu wa kuzungusha darubini, na sikifichi. Risasi moja imekwenda kushoto, wanazungusha. Ya pili imekwenda kulia, wanarudisha. Kufikia ya tano hawajui walipoanzia, na kesho wanatafuta darubini mpya. Piga tatu au nne kwanza, juu ya mfuko wa mchanga, bila kugusa kitu. Matundu yakikusanyika pembeni, hapo zungusha. Yakitawanyika ovyo, weka bisibisi kwenye skrubu za darubini na zile zinazoshika mtutu na kitako. Huenda moja yao imelegea. Kundi likihama kila mtutu unavyopata moto, pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao. Ikikwama, mbao imevimba kwa masika na inausukuma mtutu. Tazama na mdomo wa mtutu. Bunduki inayosafirishwa ndani ya gari ikiwa imesimamishwa mdomo chini sakafuni, kwenye mchanga na makorokoro, hupata pengo dogo pale inapotokea risasi, na risasi inayumba tangu inatoka. Hakuna darubini inayotibu hilo.

Ila kabla ya skrubu yoyote, mpime mpigaji. Kule Tsavo simba mmoja aliingia kwenye mtego alioubuni Patterson, kizimba kikubwa kilichotengenezwa kwa mataruma na reli. Ndani walikuwamo askari wawili wenye bunduki za Martini, wakitenganishwa naye na vyuma tu. Walifyatua kama risasi 20, wangeweza hata kumgusisha mdomo wa bunduki, na hawakumuua. Walichofanikiwa ni kuking'oa chuma cha mlango, simba akatoka. Bunduki zile hazikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa hofu.

Frederick Selous, yule mwindaji aliyeuawa Beho Beho Januari 1917 na kuzikwa hukohuko, ambaye pori kubwa la kusini mwa Mikumi lilibeba jina lake, alianza ujana wake na magobore mazito ya bori nne. Aliandika mwenyewe kwamba mateke yake yalimharibia mishipa ya fahamu na shabaha kwa miaka iliyofuata. Mpigaji anayefumba macho kabla ya mlio, mfundishe kwa bunduki tupu.

Na kama mnataka mtu wa kumwiga, mwacheni Patterson, mchukueni W. D. M. Bell, mwindaji wa tembo wa kule Karamoja, Uganda. Tembo zaidi ya 1,000 aliowaua wanatia uchungu leo. Mimi nazungumzia ufundi. Wenzake walibeba mizinga, yeye akatumia milimita 7, bunduki nyepesi isiyompiga mateke, akasoma fuvu la tembo mpaka akajua ubongo unakaa wapi kwa kila pembe. Alikuwa na nyingine ndogo zaidi, Mannlicher, aliyoipenda sana. Risasi zake zilipoanza kumletea matatizo akaiweka chini, pamoja na mapenzi yote. Bell hakusubiri agomewe kwa yadi 15.

Mahindi yakianza kukomaa, tembo wa Mikumi watavuka tena kuja mashambani, na askari wa wanyamapori wataitwa usiku. Atakayekabidhiwa bunduki ya mwenzake siku hiyo adai kwanza uwanja wa shabaha: risasi tatu kwenye karatasi kwa aina ileile atakayobeba, kisha ayaokote maganda matatu na kuyapanga mezani chini ya taa. Kibonyeo kimoja kikiwa hafifu kuliko viwili vingine, bunduki irudi kwa fundi usiku huohuo, na mkuu wa zamu asimlazimishe mtu kuibeba.