Mizani ya Pweza kwenye Kava la Klachi

Kwenye baadhi ya pikipiki za bodaboda hapa Mikindani, kava la klachi limeshikwa na bolti zinazofunguliwa kwa spana namba 10. Hiyo 10 ni upana wa kichwa. Bolti yenyewe ina unene wa milimita 6, nyembamba kuliko penseli, na inazama kwenye aluminiamu, ambayo ni laini kuliko chuma. Anayekaza kwa kufuata ukubwa wa kichwa ataua uzi. Uzi ukishakufa bolti inazunguka bure, oili inatoka kama jasho, silikoni inapakwa juu, na dereva anaongeza oili kila jioni akidhani injini ndiyo inayoinywa.

Pikipiki ninayoichambua ilifika katika hali hiyo kwa fundi mmoja kando ya barabara iendayo Lindi. Aliyeifunga mara ya mwisho alikuwa amechomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu. Matundu mawili yalikuwa yameshachongewa uzi mpya. Kazi iliyobaki ilikuwa kufunga kava bila kuua mengine. Spana ya kupimia mkazo fundi hakuwa nayo. Akamtuma kijana dikoni kuazima mizani ya ndoano, ile ile inayopimia pweza.

Mkazo ni nguvu ukizidisha kwa urefu wa spana, basi. Kipimo cha kawaida cha viwanda kwa bolti ya milimita 6 ni nyutoni mita 10, yaani kilo 102 zikivutwa sentimita 1 kutoka katikati ya bolti. Gawanya 102 kwa urefu wa spana yako. Spana yake ya ringi, tulipoipima kwa rula ya mwanafunzi kutoka katikati ya pete moja hadi katikati ya nyingine, ilikuwa sentimita 12. Jibu ni kilo 8 na nusu. Mizani yenyewe aliijaribu kwanza kwa dumu la lita 10 za maji, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, akatoa uzito wa dumu tupu. Kisha ndoano ikaingia kwenye pete iliyo wazi kana kwamba ilichongwa kwa ajili hiyo. Alivuta polepole, mizani na spana zikifanya pembe mraba, akisoma mshale wakati bolti bado inatembea. Hapo nasisitiza: bolti iliyosimama hung'ang'ania, na kuianzisha tena kunataka nguvu zaidi, kwa hiyo mshale utakudanganya. Ikisimama kabla ya kufika, ilegeze kidogo uanze upya.

Lakini mizani haioni kilichomo ndani ya tundu. Katika nguvu yote unayotia, takriban sehemu moja tu ya kumi ndiyo inayobana kava. Nyingine inaliwa na msuguano chini ya kichwa na kwenye uzi. Kwetu upepo wa ghuba unaleta chumvi, na chumvi ikikaa kati ya chuma na aluminiamu hufanya unga mweupe unaogandisha bolti. Ukikaza juu ya unga huo, mshale utafika na kava bado halijabanwa. Ukipaka oili uzi uliopangiwa kukazwa mkavu, kilo zile zile zitaivuta bolti kupita kiasi. Fundi alitumia nusu saa nzima kusugua matundu kwa mswaki wa zamani na petroli kidogo, akasubiri yakauke. Naiheshimu nusu saa ile kuliko hesabu yote.

Alizifunga zote kwa vidole kwanza, halafu kwa mkingamo, moja ya juu, inayofuata ya chini upande wa pili: mzunguko wa kwanza kilo 4, wa pili kilo 8 na nusu. Nati za silinda hedi zina kipimo chake kikubwa zaidi lakini zinadai utaratibu huo huo, tena injini ikiwa baridi kabisa, maana aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukikaza ikiwa ya moto, ikipoa mbano unapungua.

Katika mzunguko huo wa pili, bolti ya sita aliikaza bila mizani. Alishika spana karibu na kichwa, kidole gumba juu ya pete, kifundo cha mkono tu kikifanya kazi, bega limetulia.

"Njoo usome, mzee."

Tulipovuta kwa mizani, ilianza kusogea kwenye kilo 9. Kwa kuwa nguvu ya kuianzisha huwa juu kidogo, mkono wake ulikuwa umefika penyewe.

Nati ya sumaku na ile ya klachi ndani, zinazotaka mkazo mkubwa, nisingezifunga hivi. Ningekwenda Mtwara mjini kutafuta spana ya kupimia.

Mwisho akachukua rangi ya kucha, akavuta mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye kava, ili dereva anapoosha pikipiki aone kama kuna iliyozunguka. Baada ya wiki mbili mistari yote ilikuwa imenyooka, na boksi lililotandikwa chini ya injini usiku lilikuwa kavu.