Kipimo Kinachojipima

Katika mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo kutoka mita 10, alama ya 10 ni nukta yenye kipenyo cha milimita 0.5. Risasi huijia nukta hiyo kwa kasi ya takriban mita 170 kwa sekunde, na njiani uzito wake huishusha kiasi cha milimita 17. Kasi ikipungua kwa asilimia moja tu, itashuka theluthi moja ya milimita zaidi. Jicho haliioni tofauti hiyo, wala bega halihisi. Mlengaji huona tundu limekaa chini, akailaumu pumzi yake au kidole chake. Ndiyo maana naiheshimu kazi ya kupima kasi ya risasi. Humwonyesha mtu lipi ni kosa lake na lipi ni la bunduki.

Ni kazi ya zamani. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu kuhusu misingi ya mizinga, akaeleza jinsi ya kuipiga risasi kwenye ubao mzito unaoning'inia. Ubao ulisukumwa nyuma ukivuta utepe, na urefu wa utepe uliovutwa ukaonyesha ubao umekwenda umbali gani. Kutoka hapo hesabu ilitoa kasi. Kwa ubao huo Robins aligundua kwamba hewa huizuia risasi kwa nguvu kubwa kuliko walivyodhani wataalamu wa wakati wake.

Kifaa ninachokistaajabia zaidi ni kile cha Le Boulengé, afisa wa jeshi la Ubelgiji wa karne ya 19. Fimbo ilishikwa na sumaku ya umeme. Risasi ilipokata waya wa kwanza, fimbo ilianza kuanguka. Risasi ilipokata waya wa pili, uzito mwingine uliangukia kifyatuo na kisu kikaitia fimbo alama. Umbali wa alama hiyo ulisema muda uliopita, kwa kuwa mwendo wa kitu kinachoanguka unajulikana. Lakini kisu chenyewe kilikawia kabla ya kupiga. Basi kabla ya kupima risasi yoyote, mpimaji alizikata nyaya zote mbili kwa wakati mmoja, akaisoma alama iliyopatikana, na muda wake akautoa katika kila jibu. Kifaa kilipimwa kwanza, ndipo kikapewa ruhusa ya kupima.

Hekima hiyo ndiyo ninayoitafuta katika kronografu za leo, yaani vifaa vya kupima kasi ya risasi. Zilizoenea miongoni mwa walengaji ni zile za mwanga: vihisi viwili vilivyotengana kwa sentimita 30 au zaidi, risasi ikipita juu yake, kivuli chake kikiianzisha saa na kuisimamisha. Nafasi ya sentimita 30 ikikosewa kwa milimita moja, kasi imekosewa kwa theluthi moja ya asilimia. Risasi ikipita kwa mshazari, vihisi hudanganyika. Nje, wingu hubadilisha mwanga. Ndani, taa za umeme zinazopepesa huweza kukichanganya kifaa, ndiyo maana wanaopima ndani hupenda chenye taa zake za miali ya infraredi. Mmarekani Ken Oehler aliongeza kihisi cha tatu. Risasi moja ikapimwa mara mbili, na majibu mawili yakipishana, kifaa chenyewe hutoa tahadhari. Ni kama kadhi asiyetosheka na shahidi mmoja.

Zipo pia zinazofungwa kwenye mtutu. Hizo hazisumbuliwi na jua, ila uzito wake huweza kuhamisha mahali risasi inapogonga, kwa hiyo hazifai kwa anayetaka kupima kasi na kundi la matundu kwa pamoja. Rada hukaa kando ya bunduki bila kugusa chochote, ikitumia kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Ni raha kuitumia, lakini uwanjani penye watu wengi baadhi yake huweza kunasa mlio wa jirani.

Chaguo basi litokane na swali. Huko England na Wales, bunduki ya upepo inayozidi takriban jouli 16 huhitaji cheti cha silaha, na nishati hufuata mraba wa kasi: kosa la asilimia moja katika kasi ni la asilimia mbili katika nishati. Aliye karibu na mpaka huo anahitaji usahihi wa namba yenyewe. Anayetaka kujua iwapo risasi zake zinafanana anahitaji zaidi kifaa kisichoyumba, hata kama namba zake zote zimezidi kidogo. Wote wawili wanahitaji subira, maana risasi tatu huweza kukaribiana kwa bahati; kumi au ishirini ndizo zinazoanza kusema kweli.

Bei na wingi wa vitufe havinishawishi. Mimi huuliza kwanza: kifaa hiki kikikosea, nitajuaje? Kisicho na jibu humfanya mmiliki mtumwa wa namba nzuri. Chenye jibu humlea mlengaji awe mpimaji, mtu anayerudia, anayelinganisha, asiyeipokea hata habari njema kabla ya kuihakiki. Anayenunua kronografu anunue ile anayoweza kuibishia.