Huruma 2016: Kosa Lilikuwa Kuwaacha Wapangaji Ndani

Sote tuliona kwenye runinga usiku ule wa Ijumaa, tarehe 29 Aprili 2016: mvua kubwa, matope, na vijana wa mtaa wakifukua vifusi kwa mikono mitupu. Jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto mtaani Huruma, Nairobi, lilikuwa limeanguka. Watu wapatao 50 walikufa. Lawama zikaanza na mvua, zikahamia kwa mwenye nyumba, zikaishia kwenye saruji na nondo. Mimi tangu siku ile nasema jambo moja na sijabadilika: jengo lilikwisha kuorodheshwa kubomolewa, na wapangaji wakaachwa ndani. Hapo ndipo watu walipouawa.

Ukaguzi wenyewe haukuwa na kasoro. Mnamo Januari 2015 jengo jingine lilianguka mtaani humo humo, ukaguzi wa majengo ukaamriwa, na hili la kando ya mto likabainika kuwa halifai kukaliwa. Waokoaji nao walifanya kazi ya kupigiwa saluti. Hata siku ya sita walikuwa bado wanatoa watu wakiwa hai.

Tatizo ni lililotendeka kati ya ripoti na mvua. Wanairobi tunaijua ile X inayopakwa ukutani kuonyesha jengo ni la kubomolewa. Askari wa kaunti anakuja na rangi, anachora, anaondoka. Mwenye nyumba anapewa notisi, notisi inapewa muda, muda unaisha, faili inalala. Mama anayepanga chumba cha ghorofa ya nne hapewi karatasi yoyote. Anaiona X akirudi sokoni, anamuuliza kea-teka, anaambiwa hiyo ni mambo ya barabara. Mwisho wa mwezi analipa kodi kama kawaida.

Jengo lile lilikuwa jipya, halijatimiza miaka miwili kwa maelezo yaliyotolewa wakati huo, lenye vyumba 119 vya kodi ya takriban shilingi 3,500 kila kimoja. Pigeni hesabu: zaidi ya shilingi 400,000 kwa mwezi. Ukimwachia mwenye mapato hayo kazi ya kuwahamisha wanaompa mapato hayo, umeshaamua kwamba hawatahama. Notisi ile ilipelekwa kwa mtu mmoja tu ambaye kimya kilimfaa.

Kiufundi hakuna mjadala. Jengo likishukiwa, hatua ya kwanza ni kulipunguzia mzigo, na mzigo unaoondoka kwa haraka kuliko wote ni watu. Kisha unasimamisha propu chini ya boriti zenye shaka. Baada ya hapo ndipo unapima: nyundo ya kupima ugumu wa zege, mashine ya kutafuta nondo ukutani, na sampuli za zege zinazokatwa kwenye nguzo na kupelekwa maabara. Majibu yatachukua siku kadhaa, na siku hizo zote watu wako nje. Huruma mambo yalipinduliwa: hukumu ilitoka kwanza, watu wakabaki.

Na dalili huwa zipo. Ufa wa plasta ni mwembamba, unatambaa ovyo juu ya ukuta. Ukigonga hapo unasikia uwazi, na tiba yake ni fundi na karai. Ufa wa nguzo ni habari nyingine. Zege linavimba pembeni, linamenyeka vipande, nondo inachungulia. Mlango uliofunga vizuri juzi leo unakwama kwa sababu boriti ya juu imeshuka na kuibana fremu. Paka jasi juu ya ufa kama huo, andika tarehe. Jasi ikipasuka, jengo linatembea. Anayeziba ufa huo kwa rangi, na nimeshasema haya mara nyingi katika safu hii, anaficha ushahidi.

Kuna wanaodai kwamba tulikosa sheria kwa kuwa kanuni zetu za ujenzi zilikuwa za mwaka 1968. Dai hilo silikubali. Kanuni za 1968 zilikuwa kuukuu, sawa, lakini hazikumruhusu mtu kujenga bila kibali wala kupangisha jengo ambalo halijapata cheti cha kukaliwa. Tazameni mtaa wa Buruburu, Nairobi. Ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, chini ya kanuni hizo hizo, kwa michoro ya kampuni ya Mutiso Menezes. Nyumba zile watu wamezibomoa kuta, wakazipandishia maduka na vyumba, na bado zinasimama. Kizazi kile kilijenga kwa michoro iliyopitishwa. Cha leo kinajenga usiku na kutafuta kibali baadaye.

Anayedhani kuhamisha watu haiwezekani, akumbuke Kware, Pipeline, humu humu Nairobi, Juni 2017. Jengo la ghorofa saba lilionyesha nyufa, wakazi wakaambiwa watoke, wengi wakatoka, likaanguka. Wapo waliokufa, lakini ilikuwa idadi ndogo sana ukilinganisha na Huruma. Walichofanyiwa hao kilikuwa kuambiwa wenyewe, kwa mdomo, siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kaunti, mkichora X, gongeni kila mlango, kateni maji na umeme, na msiondoke mpaka chumba cha mwisho kiwe kitupu. Nawe mpangaji, ukiona nguzo imepasuka au milango ya ghorofa nzima imeanza kukwama, toa watoto kwanza. Deposi utaidai ukiwa nje.